Matatu Iliyotoweka Kwenye Kompyuta

Mpwa wangu wa kidato cha nne, hapa Nakuru, alikuwa ameapa kuyaruka mazoezi ya matriksi. "Mjomba, zitanifaa nini?"

Jioni moja akanionyesha matatu aliyoichora kwa kompyuta. Alitaka igeuke robo mduara kushoto, isogee hatua 5 kulia na 3 juu. Wapi! Ikatoweka kiooni.

Tukachukua kalamu. Kusogeza ni kujumlisha tu: kutoka (0,0) matatu inafika (5,3). Kuzungusha ndiko kwenye matriksi, nayo huzungusha kila kitu kwa kuizunguka sifuri, kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Kijana alikuwa amesogeza kwanza, ndipo akazungusha. Matatu ikatupwa hadi (-3,5), nje ya kioo. Alipoanza kwa kuzungusha, ikatua (5,3) sawasawa, pua juu.

Matriksi ya 2 kwa 2 wanayofunzwa shuleni haiwezi kuiondoa sifuri mahali pake. Kwa hivyo michezo ya kompyuta yenye picha za kina hutumia ya 4 kwa 4, inayozungusha na kusogeza kwa pigo moja.

Jumatatu alimwendea mwalimu kuomba yale mazoezi aliyoyaruka.