Leza yangu na mpira wa maji wa Ami

Najua nimepotea. Ile likizo niliyosema nakwenda kupumzika Pemba imekuwa likizo ya kubeba mchanga, nimerudi hapa Tunguu mikono kama ya mchukuzi wa bandarini. Nyumbani tulikuwa tunakarabati nyumba. Nilikwenda na msimamo mmoja, nimerudi na mwengine, na huu wa pili ndio nataka kuutetea leo, kabla hamu haijaniisha na kabla kazi za darasani hazijanimeza.

Kwetu ni Konde. Ukumbi wa mbele alijenga marehemu babu, kwa mawe na udongo. Baada ya hapo kila msimu wa karafuu ukikubali, baba anaongeza kitu: mwaka huu chumba, mwaka ule jiko, mwaka mwengine choo. Matokeo yake ni nyumba isiyo na sakafu mbili zilizo sawa. Ukitoka ukumbini kwenda jikoni unashuka, ukitoka jikoni kwenda nyuma unapanda, na mgeni umeme ukikatika lazima atoe kidole damu. Safari hii karafuu zilikubali vizuri, baba akaamua mambo yote kwa mpigo: jamvi moja, plasta mpya, na tailizi ukumbi mzima.

Fundi wetu toka zamani ni Ami, mdogo wake baba. Vifaa vyake unavibeba kwenye polo moja: mwiko, timazi, uzi, pima maji ya mbao iliyoliwa na umri, na mpira wa maji. Kwa wale wa mjini ambao hawajauona, ni mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa mita kama 15, unajazwa maji. Mtu mmoja anashika ncha hii kwenye ukuta huu, mwengine anashika ncha ile kwenye ukuta ule. Maji yakitulia, pale yaliposimama huku na pale yaliposimama kule ni usawa mmoja, hata kama katikati mpira umepita chini ya mlango, umezunguka kona na kupanda juu ya lundo la matofali. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili. "Usitikise, mwanangu. Ngoja maji yatulie." Nimekaa hivyo masaa, nikichungulia maji yanapanda na kushuka kama yanapumua.

Sasa mie msomi nikaja na leveli ya leza. Nilimnunulia kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi za mahoteli Nungwi, anauza vitu vyake arudi kwao Bara. Bumu lote likaishia hapo (ndio maana mwezi ule mlikuwa mnaniona nakula chapati na chai kila siku, teh teh). Ukiiwasha inapiga mstari wa kijani ukuta hadi ukuta, mwengine wima, na vyote vinakutana katikati kama msalaba. Kijani kwa sababu jicho la mtu linaona kijani kirahisi kuliko nyekundu. Siku ya kwanza niliyoiwasha ukumbini watoto wa mtaa mzima walijaa dirishani, na ikabidi niwafukuze wasichungulie kwenye tundu la mwanga. Hizi nyingi zimetengenezwa za nguvu ndogo, lakini jicho si kitu cha kufanyia majaribio.

Ami alikuja na polo lake na mpira umezungushwa begani. Nikamwambia, mbele ya baba na mbele ya mtoto wa mjomba ambaye naye ni fundi, "Ami, mpira wa nini tena? Siku hizi kuna hii." Hakusema kitu. Aliuangalia ule mstari muda, akauliza, "Umeupima?" Nikacheka. Nikamjibu kuwa hicho chenyewe ndicho kipimo, sasa kipimo kinapimwa na nini? Akatikisa kichwa, akafunga mpira wake kwenye baiskeli akasema ana shughuli Wete. Baba akampa kazi mtoto wa mjomba. Mie niliona nimeshinda.

Wallahi kila nikikumbuka nasikia joto la uso.

Siku ile tukapiga alama ukumbi mzima kwa kufuata mstari wa kijani. Kijana akamwaga udongo, akalaza tailizi toka ukuta wa barabarani hadi karibu na mlango wa kati. Haraka, safi, hakuna kushikiana mpira. Magharibi mpwa wangu akaingia na gololi zake. Akaweka moja juu ya tailizi, akaiachia, ikaanza kwenda yenyewe. Polepole, kisha mbio, ikapita mlango wa kati ikapotea jikoni. Akaweka ya pili. Ya pili nayo ikaifuata mwenzake. Mtoto anafurahi, mie tumbo linanikata.

Baba mwenyewe ndiye aliyempigia Ami. Akaja usiku uleule na tochi, hakunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililonichoma. Akanipa ncha ya mpira kama zamani. Tukasimama, yeye huku mie kule, mita 7 kati yetu, tukangoja. Kutoka alama ya leza hadi alama ya maji kulikuwa na sentimita 2, upana wa kidole gumba! Boksi la leza limeandikwa kosa lisizidi milimita 3 kwa mita 10. Mie nilikuwa na milimita 20 kwa mita 7. Baba akauliza tumwamini nani. Ami akasema, "Maji hayana chama." Pemba nzima mnajua uzito wa neno hilo, hata baba alicheka.

Baadaye ndio nikakaa kusoma kile kijitabu ambacho ningekisoma mwanzo. Leveli ya leza ndani yake ina kitu kinaning'inia, ndugu kabisa wa timazi ya Ami. Ukiiweka imeinama kidogo, kile kitu kinajirudisha chenyewe, nao mwanga unafuata. Ndio maana kuna swichi ya kukifunga wakati wa kusafirisha. Mie sikuifunga. Niliitia kwenye begi kati ya nguo, nikapanda boti usiku, na anayejua bahari ya Nungwi ilivyo kusi likivuma hahitaji maelezo. Mkoani nikashuka nikapanda gari, mashimo hadi Chake, Wete, mwisho Konde. Kitu kinaning'inia kinagongwa safari nzima, unategemea nini? Mstari ulibaki umenyooka vilevile, mzuri unang'aa, ila ulikuwa umelala upande. Kunyooka na kulala sawa ni vitu viwili, na jicho langu lilivutwa na hicho kimoja.

Tukang'oa usiku uleule udongo haujakauka. Tailizi 9 zilivunjika. Pesa ya mzee hiyo, ya karafuu zilizochumwa juu ya miti mirefu.

Basi hoja yangu ni hii. Sisemi leza mbaya. Wapo watakaosoma hapa wakasema "aah, unaona, mambo ya kisasa hayo", na hao siko nao. Ikiwa sawasawa, inafanya peke yake kazi ya watu wawili, inakupa na wima juu yake, na kwenye kuta za choo na jiko, pale unapotaka tailizi zikutane kona zote nne, mpira hauifikii kwa kasi. Mpira una maradhi yake pia. Povu dogo likijificha ndani linakudanganya, mtu akiukanyaga unakudanganya, nusu ikiwa juani na nusu kivulini maji ya upande wa joto yanapanda zaidi. Ami haya anayajua yote, ndio maana anauinua juu na kuugongagonga kwa kidole kabla ya kupima. Nilidhani ni mazoea ya kizee, kumbe ni elimu.

Ninachokipinga ni ile imani kwamba kifaa kikija na betri basi mtu mwenye kujua aende nyumbani. Nimeiona imani hiyo kwangu mwenyewe, na naiona kwa wazazi wanaompa kazi fundi kwa sababu anawasha taa ya kijani. Leza inakwambia palipo sawa. Haikwambii pasipotakiwa kuwa sawa! Choo chetu, kwa mfano, kile kijana alikuwa tayari kukilaza sawa kabisa kwa mstari, na Ami ndiye aliyesema sakafu ya choo lazima ishuke kuelekea kwenye tundu, sentimita moja na kidogo kwa kila mita, la sivyo kila ukikoga maji yanakufuata chumbani. Baraza nayo lazima imwage maji nje, na masika ya Pemba hayana huruma na baraza iliyonyooka. Halafu hapohapo barazani, saa 6 mchana, mstari wenyewe hauonekani, jua limeumeza. Tukarudi kwenye mpira.

Rafiki yangu wa hosteli, nilipomhadithia, alinijibu kuwa tatizo ni langu, si la leza. Ningeikagua yasingetokea. Kweli. Na kukagua ni rahisi hata bila mpira: unaiweka karibu na ukuta mmoja, unaandika alama kwenye kuta zote mbili zinazotazamana. Unaihamishia karibu na ukuta wa pili, unaigeuza ielekee ulikotoka, unaandika tena. Pengo la alama kwenye ukuta huu likiwa sawa na la ukuta ule, kifaa kizima. Dakika 10 hazifiki. Lakini sasa mniambie, nani aliyeniuliza "umeupima?" Mtu aliyezoea kutoamini kipimo mpaka akipime. Hakuijua leza, na swali la leza alilijua.

Na hapa naingia kwenye letu sisi tunaosomea ualimu. Darasa la 5 sayansi niliisoma kwa Kiingereza. Nilikariri sentensi moja kuhusu maji kutafuta usawa wake, nikapata vema, nikasahau. Miaka yote ile nilikuwa nimeushika mpira wa Ami kwa mikono yangu, na si mimi wala mwalimu wangu aliyeona kuwa ni jambo lilelile. Hewa inakandamiza ncha mbili kwa nguvu moja, maji hayana budi yasimame kimo kimoja, basi. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, nayo iko kwenye vitabu vyetu. Kuta za mawe na chokaa za Ras Mkumbuu zilisimama karne nyingi kabla ya hapo, hapahapa kisiwani, na hatujaambiwa kuna somo la fizikia ndani yake. Ningekuwa na sauti ningesema mafundi kama Ami waitwe wakae siku mbili tatu na vijana pale kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji, leza mezani na mpira mezani, wabishane. Kwa kuwa sina, nimeandika andalio la somo la mazoezi ya kufundisha: mpira mmoja, ndoo ya maji, wanafunzi wawili wawili, kuta mbili. Tuone mkaguzi atasemaje.

Nyumba imekwisha, gololi sasa inakaa pale unapoiweka. Nilimuomba Ami radhi siku ya mwisho, tunakunywa uji barazani, akasema "yamekwisha hayo" akaongeza sukari. Leza nimemuachia yeye. Kila asubuhi huipima kwa mpira kwanza, ndipo aiwashie kazi.

Jana kanipigia. Kashika kazi Micheweni, betri imekwisha, anauliza waya wa kuchajia niliuweka wapi. Nikatazama mezani, huu hapa, nimeondoka nao! Nikamwambia nitampa mtu wa boti Alhamisi, anisamehe sana.

"Hapana haraka, mwanangu," kaniambia. "Mpira upo."