Mwenye kompyuta awe mwenye ufunguo

Kompyuta mpakato mpya ikiingia nyumbani, ni kawaida kumkabidhi kijana aiwashe, aiweke sawa, kisha amrudishie mzazi ikiwa tayari kwa kazi. Jambo hili linaeleweka, hasa kwa familia za Waafrika Mashariki wa Champlin na Brooklyn Park, vitongoji vya Minneapolis, ambako mzazi huenda anatoka zamu ya usiku ya kutunza wagonjwa na mtoto hushinda na kompyuta shuleni. Hata hivyo nashikilia kwamba tuiache desturi hii. Saa ya kwanza ya kompyuta ndiyo huamua iko chini ya mamlaka ya nani, na saa hiyo inapaswa kuwa mikononi mwa mwenyewe, hata akisaidiwa.

Tuanze na akaunti. Windows 11 Home, iliyomo katika kompyuta nyingi za nyumbani, humtaka mtumiaji aunganishe intaneti na aingie kwa akaunti ya Microsoft anapoiwasha mara ya kwanza. Kijana mwenye haraka huweka barua pepe yake. Sasa, katika kompyuta nyingi mpya data zote husimbwa zenyewe ili mwizi asizisome, na ufunguo wa dharura wa kuzifungua, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika siku ile. Miezi na miaka inaweza kupita bila ufunguo huo kuhitajika. Lakini ubao mkuu ukibadilishwa, au pengine baada ya sasisho la mfumo, skrini huudai, na asiye nao hazifikii tena hati za uhamiaji, fomu za kodi wala picha alizohifadhi humo. Kompyuta ya Apple nayo ina kufuli lake: ikisajiliwa kwa akaunti ya mtu mwingine na huduma ya Find My, ya kutafuta kifaa kilichopotea, ikawashwa, hata ikifutwa yote inaweza kuendelea kudai nenosiri la mtu huyo.

Jimbo la Minnesota limejitahidi kumlinda mnunuzi. Sheria yake ya haki ya kutengeneza vifaa vya kielektroniki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inawataka watengenezaji wawape wamiliki na mafundi wa kujitegemea vipuri, zana na maelekezo. Sheria ya faragha ya data, iliyoanza tarehe 31 Julai 2025, inampa mkazi haki ya kukataa taarifa zake zitumiwe kumlenga kwa matangazo. Lakini fundi mwenye kila kipuri hawezi kufungua data zilizosimbwa bila ufunguo. Na haki ya kukataa hupungua uzito pale kurasa za mwanzo zinazouliza kuhusu mahali ulipo, data za matumizi na matangazo zinapokubaliwa zote na mtu mwingine kwa niaba yako.

Wapo watakaosema mipangilio ya kiwandani inatosha. Inatosha kuanza kazi, ila imepangwa na muuzaji kwa faida yake pia. Kompyuta nyingi huja na programu ya majaribio ya kuzuia virusi inayoanza kudai malipo muda ukiisha, ilhali Windows ina kinga yake isiyolipiwa. Mafaili yanaweza kuanza kupelekwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambako nafasi ya bure ni GB 5 tu. Ikijaa, nakala mpya hazihifadhiwi tena mpaka ulipie au upunguze. Haya ni maamuzi ya fedha, na anayelipa ndiye anayepaswa kuyafanya.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha na umri: kwamba mzazi hatazielewa kurasa hizo. Lakini kompyuta kwa Kiswahili si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na baadaye Kiswahili kiliongezwa katika matoleo kadhaa ya Windows yenyewe. Aliyezoea Kiingereza abaki nacho. Asiyekisoma vizuri amwombe kijana amsomee kila ukurasa na kumweleza kabla ya kubonyeza. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini mzazi atatoka akijua alichokubali, na siku tapeli atakapompigia simu akijidai ni fundi wa Microsoft, hatampa nenosiri kwa urahisi.

Basi mzazi afungue barua pepe yake, aweke nenosiri analolijua yeye, na watoto wapewe akaunti zao zisizo na mamlaka ya usimamizi. Zile tarakimu 48 ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na pasipoti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ambao kompyuta zao ziliwashwa kwa akaunti ya mwingine hawajachelewa: wakae na aliyewasaidia, wahamishe akaunti na ufunguo wangali wanaelewana na mashine ingali inawaka. Kijana ataondoka kwenda chuoni au kazini, na hati za familia zitabaki humo.