Ekari Nne na Mikono Michache



Mwenzetu aliyehamia Chuno, Mtwara, ametuandikia kwamba ekari zake 4 zote atazipanda mikarafuu. Kama miti hiyo itastahimili ukavu wa huko, hilo tumwachie Bwana Shamba. Sisi twamshauri asifanye hivyo, kwa sababu ya mikono.

Karafuu haingoji, ikishafunguka maua, thamani yake imeshuka. Tena karafuu za vuli huangukia miezi ile ile ya kuokota korosho. Tuseme ekari ya karafuu yataka siku 40 za kuchuma, ya korosho siku 10, naye na watu wake wana siku 100 tu.

Atwae karatasi ya grafu. Ekari za karafuu azipime kwa upana, za korosho kwa urefu. Mstari wa ardhi autoe 4 hadi 4. Mstari wa siku, karafuu 2½ hadi korosho 10. Masharti haya ni ya “isizidi”, si ya “iwe sawa”, kwa hiyo halali yake ni eneo zima lililo chini ya mistari yote miwili. Ekari 4 za karafuu zaangukia nje, maana zataka siku 160.

Mistari yakutana kwenye 2 na 2. Hapo ndipo tungesimama, maadamu ekari ya karafuu yamfaidi kuliko ya korosho, lakini si zaidi ya mara nne. Ikizidi hapo, apande karafuu 2½ na ardhi iliyobaki aiache pori, jambo ambalo wazee hawatalipenda.

Mtoto wa kidato cha nne atamchorea. Siku za kuchuma azihesabu mwenyewe, wala asimtie hesabuni jamaa anayeogopa kupanda juu ya mkarafuu.