Baraji ya udongo: nani anaangalia njia ya kutokea maji?

Mvua za kwanza zimeshaanza kugonga mabati, na katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kasenga, mbali kidogo na Lubumbashi, watu wanaulizana neno moja tu: baraji itapita masika hii, ao haitapita? Komite ya maji ilituomba tusitaje jina la kijiji, juu wanaogopa kuonekana kama watu wenye kushitaki wakubwa. Tumekubali. Na kusema kweli, yale tuliyoyaona kule yanaweza kuwa ya kijiji chako pia, wewe unayesoma hapa.

Ni baraji ndogo. Wazee waliichagulia mahali pazuri, chini ya dembo, pale bonde linapobanana. Udongo waliutoa kwenye vichuguu, ule udongo mwekundu tunaofyatulia matofali, wakaupanga safu kwa safu na kuukanyaga. Hakuna simenti, hakuna chuma. Nyuma ya ukuta ule ndiyo maji ya kupika bukari, ya kuoga, ya mbuzi na ya bustani za mboga, toka mwezi wa tano mpaka mvua irudi. Kuna foraji moja kijijini, lakini pampu yake inaharibika mara kwa mara, na pale inapokufa, baraji inabaki peke yake.

Tulipofika, kitu cha kwanza tulichoona ni mifuko. Mifuko tisa ya udongo, imepangwa vizuri kabisa, ikiziba njia ya kutokea maji yenye kuzidi.

Usiwacheke. Mwaka jana maji yaliisha mapema, na wamama walikuwa wanaamka usiku kwenda kuchota mtoni, bidoni kichwani, mtoto mgongoni. Mtu aliyepita kiangazi ya namna hiyo, akiona maji yanatoka bure pembeni ya baraji mwezi wa pili, lazima roho itamuuma. Anaweka mfuko. Kesho jirani anaongeza wa pili. Maji yanapanda mpaka karibu na magoti ya pale yalipokuwa, na kila mtu anafurahi. Shida ni kwamba ile mifuko ndiyo inaweza kuua baraji, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kijiti chini.

Tuchukue mfano. Kijiji cha watu 1,200, kila mtu litre 20 kwa siku: ni bidoni 1,200. Sasa jua. Katika kiangazi ya kwetu, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza kama milimetre 5 kwa siku. Inaonekana kitu kidogo, lakini baraji yenye upana wa nusu hekta inapoteza metre kubu 25, maana yake bidoni 1,250. Kumbe jua linakunywa kushinda kijiji kizima! Kwa miezi mitano linashusha maji kwa sentimetre 75, na hiyo inashinda hata ile mifuko iliyopandisha. Tena dembo ni tambarare. Ukipandisha maji, hayaendi chini, yanatandaa juu ya majani, membamba, mapana, na jua linapata sahani kubwa zaidi ya kunywea.

Hesabu ya pili ndiyo inatisha. Mvua kali ya jioni moja inaweza kuleta milimetre 60. Kama maji ya kilometre kadrati moja ya mlima yanateremka kwenye baraji, hiyo ni metre kubu 60,000 zimeanguka. Tuseme theluthi mbili zinaingia udongoni ao zinabaki kwenye majani, na theluthi moja inateremka: 20,000. Sasa ile baraji ya nusu hekta, ikiwa na urefu wa metre moja na nusu kwenda chini, inabeba 7,500 tu. Na mwezi wa pili inakuwa imeshajaa. Yale maji yote yatapita wapi?

Yatapita kwenye njia yake kama iko wazi. Kama imezibwa, yatapita juu ya ukuta. Na ukuta wa udongo unaweza kuzuia maji miaka makumi, lakini hauwezi kuvumilia maji yapite juu yake. Yanapoangukia nyuma yanachimba mguu wa ukuta, yanakula kidogo kidogo kurudi mbele, na pale yanapofika kileleni, mlango umefunguka. Kazi ya wazee inaweza kwenda kwa usiku mmoja. Mabaraji mengi ya udongo duniani yamekufa kwa kifo hicho, hayakufa kwa kuzeeka.

Na yaliyo chini ya baraji? Kijijini kule kuna bustani, kuna njia ya watoto ya kwenda shule, na siku hizi kuna nyumba tano mpya. Tarehe 9 Mei 2018, usiku, kule Solai katika Nakuru nchini Kenya, baraji ya udongo ya shamba moja kubwa ilipasuka wakati wa mvua nyingi. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani. Ile ilikuwa kubwa kushinda hii yetu, ni kweli. Lakini mtoto wa miaka mitatu hahitaji maji mengi ili yamchukue.

Kuna kitu cha pili tulichokiona, nyuma ya ukuta, chini kabisa: mahali penye unyevu, majani mabichi katikati ya majani makavu. Hapo watu waliogopa sana, kumbe hapo pengine siyo pa kuogopa zaidi. Ukuta wa udongo unatoa jasho, ni kawaida. Kitu cha kuangalia ni rangi. Maji yakitoka kidogo na yakiwa safi, weka kijiti, angalia kila juma kama yanaongezeka. Yakianza kutoka na matope, ile ni habari ingine: maana yake yanabeba udongo wa ndani, yanatengeneza bomba katikati ya ukuta. Siku hiyo usingoje mukutano. Watu wa chini wahame kwanza, kisha maji ya baraji yapunguzwe polepole.

Mwembe uliopandwa juu ya ukuta nao si rafiki. Kivuli chake kinapendeza, lakini mizizi inaingia ndani, na siku mti unapokufa mizizi inaoza na kuacha matundu. Mchwa vilevile: udongo wa kichuguu ni mzuri, lakini mchwa akirudi kukaa ndani yake anachimba njia zake bila kuuliza ruhusa. Majani mafupi ndiyo nguo ya ukuta. Mbuzi wazungushwe mbali.

Bon, sasa kazi hiyo ni ya nani? Hapa ndipo tuliuliza na tukazungushwa. Komite inakusanya pesa kidogo kwa kila nyumba, lakini pesa hiyo ni ya pampu na ya mlinzi. Hakuna hata franka moja iliyoandikwa kwa ajili ya ukuta. Mfumu anasema ni ya komite. Komite inasema ni ya sekta. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi kushinda watu: maji ni mali ya umma, na huduma ya maji ya kunywa ni kazi ya provinsi pamoja na entite za mashinani, ndiyo kusema sekta, sheferi, komini na miji. Na tangu kodi ya madini ilipobadilishwa mwaka 2018, entite ambayo mgodi uko ndani yake inapata 15% ya ile redevansi. Si kila sekta iko na mgodi. Lakini zile ziko nazo zingeweza kuandika baraji katika bajeti yao, mstari mmoja tu, na mtu mmoja wa kuangalia.

Hata hivyo, mimi sioni kama njia ya kutokea maji inapaswa kungoja bajeti. Kuitoa mifuko, kuipanua ile njia pembeni, kwenye udongo ambao haujaguswa na siyo juu ya ukuta, kuipanga mawe ili isichimbike: hiyo ni salongo ya Jumamosi mbili ao tatu. Na ile hamu ya maji mengi inaweza kujibiwa vingine. Mwezi wa kumi, baraji ikiwa karibu kavu, kuna matope tele chini yake, yametoka kwenye mashamba na mahali watu walikata miti ya makala. Ukiyachimba, unapata maji yenye kwenda chini, ambayo jua halikunywi haraka, na bustani zinapata mbolea. Mwaka huu muda huo umepita. Mifuko haijapita.

Tuliwaeleza wamama waliokuwa wanachota hesabu hii ya jua. Mmoja aliuliza kama maji yakiisha tena mwezi wa nane tutawaletea bidoni kwa gari la redio. Hatukuwa na jibu.

Tulirudi kule juma lililopita. Mifuko miwili ilikuwa imeondolewa, na hakuna aliyekubali kusema ni nani aliyeiondoa. Saba ilikuwa bado pale, na maji yalikuwa yameshaigusa.