Anayetangaza Kuua Aaminiwe

Jumapili iliyopita nilimsikia mhubiri redioni akiwatuliza wazazi: eti vijana wanaotishia kuua mitandaoni wanatafuta sifa tu, na mbwa abwekaye haumi. Nilizima redio kwa hasira. Methali hiyo imezika watoto.

Waulizeni watu wa Parkland, Florida. Septemba 2017 kijana mmoja aliandika YouTube kwamba kazi yake itakuwa kushambulia shule kwa risasi. Raia aliyeyasoma maneno hayo akawaarifu FBI. Tarehe 5 Januari 2018 mwanamke aliyemfahamu kijana huyo naye akawapigia simu, akawaeleza kuhusu bunduki zake, hamu yake ya kuua na mambo aliyokuwa akiyaweka mtandaoni. Taarifa hiyo haikufika hata ofisi yao ya Miami. Siku 40 baadaye, wanafunzi 14 na wafanyakazi 3 wa shule waliuawa. Alibweka, akabweka tena, akauma.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2002 Secret Service ya Marekani ilitoa matokeo ya kuchunguza mashambulizi 37 ya shuleni. Katika zaidi ya robo tatu yake, kulikuwa na mtu aliyejua mapema, mara nyingi rafiki au ndugu. Hiyo ni kabla ya Facebook! Siku hizi siri yenyewe imeandikwa peupe, na bado tunaipita.

Watetezi wa kunyamaza wanasema tutajaza jela mashabiki wa soka wanaomtukana refa. Hoja ya kitoto. Anayemtukana refa hatangazi shule atakayoishambulia wala hajipigi picha na bunduki. Tena nani amesema afungwe? Aendewe, ahojiwe, wazazi waitwe, silaha iondolewe nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mikono yetu si mizito kusambaza ujumbe. Dawa ya uongo ya kisukari huzunguka magrupu yote ya WhatsApp kabla ya chai ya saa nne. Tishio la kuua halimfikii hata mwalimu mkuu.

Wenye kuthubutu kuripoti nao hufukuzwa. Jirani yangu alipeleka kituo cha polisi jumbe za mume waliyeachana naye, aliyeapa kumchinja. Aliambiwa arudi akipigwa. Arudi vipi akiwa maiti? Jumbe hizo ni ushahidi. Ziandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, siku hiyo hiyo, na aliyezituma atafutwe kabla jua halijatua.