Kifua cha Mtoto Hakiishi: Kabla Hujanunua Chupa ya Vitamini D (Sehemu ya 3)



Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu Mlalo mnaijua. Wodini ni vifua tu. Na swali ni lilelile: "Nesi, mwanangu kifua hakiishi, nimeambiwa hana vitamini D. Ninunue dawa gani?"

Msimamo wangu: kwa watoto wengi, usinunue. Hiyo hela ina kazi nyingine.

Sisemi vitamini D haina maana. Mwili unaitengeneza jua likigusa ngozi, na maziwa ya mama yana kidogo sana. Ikipungua mno, mtoto anapata matege, mbavu zinalegea, hata kukohoa vizuri anashindwa. Addis Ababa nako ni milimani na jua lipo. Utafiti wa huko wa mwaka 1997 ulikuta matege zaidi ya mara 10 kwa watoto wenye nimonia kuliko wasio nayo.

Lakini Kabul, Afghanistan, watoto wachanga walipewa vitamini D kila miezi mitatu. Majibu yalitoka 2012: nimonia haikupungua. Kwa hiyo chupa si kinga ya kila kifua.

Tuanze na jua, ni la bure. Ila kumtoa mtoto saa moja asubuhi kwenye ukungu, kafunikwa gubigubi hadi macho tu, hilo si jua, mama! Subiri ukungu upasuke, saa tatu au saa nne. Kaa pasipo upepo, kofia kichwani, mikono na miguu wazi, robo saa mpaka nusu saa. Kupitia kioo cha dirisha haisaidii.

Halafu jikoni. Tunampeleka mtoto kwenye mafiga apate joto, kumbe anavuta moshi wa kuni siku nzima. Mie moshi huo naulaumu kuliko vitamini. Mwache na bibi chumba kingine. Nyonyesha maziwa matupu miezi sita. Na kadi ya kliniki iangalie: chanjo ya nimonia ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Je, amemaliza?

Ukiona miguu inapinda, au amechelewa kutembea, mlete apimwe. Hapo dawa tutampa kwa kipimo. Ikizidi inaumiza figo.

Mama mmoja alikuja amemaliza chupa mbili za vitamini, mtoto anapumua mbiombio siku ya tatu. Tulimpa oksijeni, akapona, lakini ilibaki kidogo tu. Basi shika hii: mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50. Mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Au kifua kinabonyea ndani, njoo hospitali SASA. Chini ya miezi 2 usisubiri kuhesabu.

Mtumie na shoga yako. Sehemu ya 4: dawa za kikohozi. Nesi wenu.