Saa ya Marehemu Baba: Bei Yake Yapimwaje?

Pengine katika sanduku la marehemu baba mmekuta saa ya mkono ya zamani, yenye jina la kiwanda cha sifa cha Uswisi. Karo ya watoto yangoja, nao ndugu wamepatana iuzwe. Mara nyingi jambo la kwanza wanalolitenda ni kuisugua mpaka ing'are, kisha kuipeleka kwa sonara. Twasema wazi: kwa mambo hayo mawili jamaa yaweza kupoteza sehemu kubwa ya mali yake kabla mnunuzi hajatamka neno.

Sonara hupima dhahabu tu. Saa ya dhahabu ya karati 18 ina chapa ya 750, maana katika gramu 1000 za madini yake, 750 ni dhahabu safi. Zile za Uswisi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1995 huwa pia na alama ndogo ya kichwa cha mwanamke; tangu mwaka huo alama ni kichwa cha mbwa. Kuujua uzito huo kwafaa, kwa kuwa hakuna sababu ya kuuza chini ya bei ya dhahabu yenyewe. Lakini hiyo ni sakafu, siyo nyumba. Mwaka 1941 kiwanda cha Patek Philippe kilianza kutoa saa iitwayo 1518, nazo nyingi zilikuwa za dhahabu. Za chuma kisichoshika kutu zilijulikana nne tu. Mwaka 2016 moja ya hizo za chuma iliuzwa mnadani Geneva kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 11, bei ambayo wenzake wa dhahabu hawakuifikia.

Basi wanunuzi watafuta nini? Hutafuta uchache, na zaidi ya hayo hutaka saa iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukiisugua, kingo za ganda lake zafifia, wala hazirudi. Ukiupaka uso wake rangi mpya, umeharibu mahali penye thamani kuliko pote. Katika saa za Rolex Daytona za miaka ya 1960 zilikuwamo za nyuso za namna mbili, mashine ikiwa moja. Namna ya pili, yenye duara ndogo za rangi tofauti na tarakimu za urembo, haikupendwa siku zile, ikakawia madukani. Leo hiyo ndiyo ighalio mara nyingi kuliko nyingine.

Moja ya namna hiyo alikuwa nayo Paul Newman, mchezaji wa sinema wa Marekani. Mkewe alimpa, na nyuma yake alichoresha maneno ya kumwonya aendeshe gari kwa uangalifu. Mwenye haraka angaliyafuta! Tarehe 26 Oktoba 1517 haikuwako saa kama hiyo, bali tarehe 26 Oktoba 2017, huko New York, iliuzwa kwa dola 17,752,500. Kweli baba zetu hawakuwa wachezaji wa sinema, na jina lao nyuma ya saa halitapandisha bei. Hata hivyo kulifuta ni kulipunguza ganda. Tena angalieni: nyundo ya mnada iligonga kwenye dola milioni 15.5. Iliyozidi ni ada ambayo mnunuzi huilipa nyumba ya mnada. Bei itangazwayo magazetini siyo ile aipokeayo mwenye mali.

Karatasi za ununuzi na sanduku lake vitunzwe, maana huongeza bei. Lakini hata wakubwa hudanganyika. Mwaka 2021 huko Geneva, Omega Speedmaster ya mwaka 1957, iliyokadiriwa faranga 80,000 hadi 120,000, iliuzwa kwa zaidi ya milioni 3. Mwaka 2023 kiwanda chenyewe kilitangaza kwamba ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali.

Kwa hiyo tafuteni fundi wa saa ambaye hana nia ya kuinunua, mkamlipe ujira wake. Aifungue mbele ya macho yenu, asome nambari za ganda na za mashine, nanyi mziandike na kupiga picha. Kisha ulizeni wanunuzi wawili au watatu, mkilinganisha na bei zilizokwisha kulipwa, siyo zile ziombwazo tu. Na yule asemaye, «Niachieni niitazame nyumbani hadi kesho,» mwambieni aitazame hapo hapo mezani.